Nani Amemwamsha Shemeji?

Benchi letu lipo kwenye pembe, pale uchochoro unapokutana na ukuta wa hospitali. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo na benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wameshasahau. Nafika bado giza, nawasha mkaa, nasuuza vikombe, na kabla maji hayajachemka wameshatimia watatu wangu. Kinyozi, ambaye banda lake linatazamana na mimi lakini hafungui mpaka jua limpige mlangoni. Handibreki, dereva wa teksi, aliyepewa jina hilo na abiria mmoja aliyeshuka katikati ya safari akasema heri atembee. Na Semina, mstaafu wa idara ya maji, ambaye zamani alihudhuria semina moja ya biashara ndogondogo, na kwake semina hiyo haijaisha hadi leo. Asubuhi ninayotaka kuisimulia, wote watatu walifika na habari moja tu mdomoni: mkate wa Shemeji.

Shemeji ni mjane wa kaka yake Kinyozi. Kinyozi anamwita shemeji, basi mtaa mzima tukadandia, wazee kwa watoto, hata mimi ambaye kwa haki ningemwita wifi. Marehemu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya ng'ambo ya barabara. Alipotutoka, Shemeji alijengesha tanuri la matofali uani akaanza kuoka mkate wa kuuza. Na mkate wenyewe hauna mpinzani. Ukiukata, hata mtu mliyenuniana anakuja kukujulia hali. Ila ulikuwa unatoka tanurini watu wameshakunywa chai na kwenda zao kazini. Sasa jikoni kwa hospitali, wanakowapikia wauguzi, walimpa nafasi ya pili na wakamwambia hakuna ya tatu: alete mikate kabla zamu ya usiku haijatoka. Akiwahi, atapeleka kila siku. Akichelewa, wao watabaki na mkate wao wa kiwandani. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

– Moshi hauonekani, alisema Kinyozi.

– Salamu kwanza, nikamwambia.

– Habari za asubuhi, Dada. Moshi hauonekani.

Alikuwa anatazama ukuta wa ua wao, ambao unaonekana vizuri kutoka benchini. Tanuri likiwaka, moshi lazima upande pale. Na kweli, juu ya ukuta palikuwa na anga tu.

– Mimi nilisema tangu mwanzo, alianza Semina huku akipokea kikombe. Tatizo si usingizi. Tatizo ni chapa.

– Chapa gani tena saa hizi? aliuliza Handibreki.

– Chapa ya biashara! Mtu akisikia jina lako, nini kinamjia kichwani? Hiyo ndiyo chapa yako. Kwa mfano wewe, mtu akisikia Handibreki kinamjia nini?

– Usalama.

– Kinamjia kuchelewa! Sasa huyu bwana hapa kamwandikia shemeji yake kibao kikubwa, Mkate wa Alfajiri, na jua akalichora linachomoza. Mkate unatoka jua liko utosini. Mteja anasoma kibao, anatazama juu, anaona katukanwa.

– Nilichora vizuri, alisema Kinyozi.

– Hakuna anayesema hukuchora vizuri. Nasema jina ni ahadi. Kwenye semina walitupigia mfano wa mtu aliyeandika Maji Baridi na hana barafu. Ukimwahidi mtu alfajiri, mpe alfajiri. Ukimpa adhuhuri, mtaa utakubatiza upya.

– Umeshambatiza, alisema Handibreki. Mimi juzi abiria kaniambia nimpitishe kwenye Mkate wa Adhuhuri. Na nikajua anaposema.

Kinyozi hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kucheka hapa kijiweni, tena anacheka na wembe mkononi mpaka wateja wanashika masikio. Siku hiyo alikuwa anazungusha kikombe tu.

– Basi abadilishe jina, aliendelea Semina. Ndiyo njia fupi. Mkate wa Shemeji, kwisha. Shemeji hana saa. Shemeji ni shemeji wakati wote.

– Nimemwambia mara ngapi? Hataki. Ukitaka akununie, gusa lile jina.

– Hataki kwa nini?

– Sijui. Anasema nililiandika mimi na yeye kalikubali, basi.

– Aliite Mkate wa Baadaye, alisema Handibreki. Hapo hakuna wa kumdai saa.

– Hapana, hapana. Abaki na Alfajiri, ila tubadilishe mchoro, alisema Semina, na nikaona macho yake yanaanza kung'aa, dalili kwamba semina imempanda. Tutoe jua, tuweke bundi.

– Bundi kwenye mkate!

– Bundi anakesha. Mteja anaona bundi, anajua hapa kuna mtu anakesha kwa ajili yangu.

– Mteja anaona bundi anajua hapa kuna uchawi, nikasema mimi.

– Dada, wewe uza kahawa. Mambo ya nembo ni taaluma.

Handibreki akasogea mbele, kikombe juu ya goti. Huyu mtu anaendesha polepole lakini akili yake ikishaingia barabarani haina breki.

– Mimi nina dawa. Tatizo ni kwamba anachelewa saa chache. Achelewe zaidi! Aoke mchana, auze kesho yake alfajiri. Leo kachelewa, lakini kesho kawahi kabla ya kila mtu.

– Huo si mkate wa jana?

– Unategemea umesimama wapi. Ukisimama jana, ni mkate wa kesho.

Semina alifikiri kidogo, akasema hata hilo lingefaa kama lingefungwa kwenye karatasi nzuri ya rangi, kwa sababu rangi moja ikirudiwa kila mahali inamwingia mteja mpaka ndotoni. Halafu akaja na lake kubwa zaidi: twende hospitali, tuonane na mkubwa wao, tumshawishi asogeze mbele zamu za wauguzi. Kwa nini mama mmoja mjane ahangaike kuamka wakati hospitali nzima inaweza kuchelewa kidogo tu?

– Na wagonjwa?

– Wagonjwa wamelala! Nani anawakimbiza?

Nikacheka mpaka nikamwaga kahawa kwenye mkaa. Kinyozi akasema taratibu, bila kututazama:

– Nyie mnacheka. Mimi nimejaribu kila kitu kwa huyu mama.

Na ni kweli, alijaribu, tena wote tulimsaidia. Alimnunulia saa ya kengele. Shemeji akaizima usingizini. Akamwambia aiweke ndani ya sufuria ili ipige kelele zaidi. Majirani wa pande zote wakaamka, yeye hakuamka. Handibreki akajitolea kupita kila alfajiri na kupiga honi mlangoni, mpaka mzee wa nyumba ya pili akatoka na rungu. Semina yeye alishauri Shemeji anywe maji mengi kabla ya kulala, kwa hoja kwamba kibofu hakijawahi kuchelewa kazini. Shemeji alikunywa. Akaamka usiku kucha, na alfajiri ilipofika akalala kama gogo.

– Si mvivu, alisema Kinyozi. Ninamjua. Mchana hakai. Akifagia ua unaweza kula chini bila sahani. Ila alfajiri ikiingia ni kama kuna mtu anamfunika blanketi usoni. Kaka yangu angekuwepo angejua la kufanya. Mimi nimeachiwa mtu na sijui nimsaidie vipi.

Taa za hospitali zilikuwa bado zinawaka, lakini nyuma ya jengo kulishaanza kupambazuka. Nikamwongezea Kinyozi kahawa ingawa hakuomba.

– Labda kuni zimelowa, alisema Handibreki kwa kumfariji. Ilinyesha jana jioni.

– Kuni ziko chini ya bati.

– Basi labda jana kulikuwa na baridi, kaingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, akalala fofofo...

Aliishia hapo. Alijisikia mwenyewe alichosema. Sote tulimsikia. Hakuna mtu mzima mtaani kwetu asiyejua jiko la mkaa hufanya nini kwenye chumba kilichofungwa madirisha.

Kinyozi alisimama. Kikombe kikaanguka kwenye vumbi na hakukitazama.

– Shemeji ana jiko dogo, alisema. Nilimpelekea mimi.

Akaondoka mbio. Kwa miaka yote niliyomjua Kinyozi sikuwahi kumwona akikimbia. Anatembea kama mtu anayesikiliza muziki. Handibreki akamfuata, Semina akamfuata na fimbo yake, na mimi nikaacha birika motoni, nikaacha vikombe, nikaacha kikopo cha sukari wazi kwa nzi, nikawafuata.

Ua wao una vyumba pande mbili. Upande wa kushoto ni chumba cha Shemeji, upande wa kulia anakaa mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Kinyozi, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Tanuri liko katikati kwa nyuma. Tulipoingia hatukutazama kwingine, tulikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Shemeji. Umefungwa. Dirisha limefungwa. Pazia limeshuka.

– Shemeji! alipiga hodi Kinyozi. Shemeji!

Akasukuma mlango. Haukusogea.

– Shemeji, ni mimi! Fungua!

Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi. Handibreki akaweka sikio ukutani. Akatikisa kichwa. Semina, ambaye nilidhani atatupa mawaidha, alikuwa amevua kofia na ameishika kifuani kwa mikono miwili. Mimi nikashika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

– Simsikii hata kukoroma, alinong'ona Handibreki.

– Shemeji, mke wa kaka yangu, tafadhali, alisema Kinyozi. Fungua tu. Si lazima uoke. Mkate uache. Fungua tu nikuone.

Halafu akarudi nyuma, akaelekeza bega mlangoni. Semina akaweka kofia chini akasimama pembeni yake, mzee wa watu, mwenye mgongo mbovu.

– Pamoja, alisema Semina. Nikisema sasa.

– Mnavunja mlango wa nani?

Tuligeuka. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa pili, ujiti wa mswaki mdomoni, kanga imefungwa kichwani, anatutazama kama anayetazama mbuzi walioingia bustanini.

– Mama, Shemeji haamki!

– Haamki nani?

– Shemeji! Tumegonga, tumeita...

– Mwanangu, huyo unayemgongea ameamka kabla ya majogoo. Kakanda unga, kaoka mkate, kapanga kwenye vikapu, kaondoka zake. Mimi mwenyewe nimemshikia taa. Nyie mmetoka wapi?

– Lakini moshi, Mama! Hatukuona moshi!

– Moshi wa nini wakati moto umeshamaliza kazi? Nenda kashike tanuri.

Kinyozi alikwenda. Nakumbuka alivyotembea, mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayejifunza. Aliweka viganja vyote viwili juu ya matofali. Akavitoa haraka kwa sababu yalikuwa ya moto, akavirudisha. Kisha akainamisha paji la uso pale pale kwenye joto, mgongo ukaanza kumtetemeka, na hatukujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote viwili. Handibreki akakaa chini ardhini na suruali yake safi. Semina akaokota kofia, akaivaa, akaivua tena akajipepea nayo ingawa kulikuwa na baridi.

– Ila Mama, aliuliza Kinyozi alipopata sauti, mbona mlango umefungwa kwa ndani?

– Haujafungwa kwa ndani. Umekwama kwenye bawaba, umevimba na mvua. Na hata ungefunguka msingemkuta. Hamjui kwamba halali humo siku hizi?

– Analala wapi?

– Kwangu, alisema Bibi, akarudi ndani kusukutua.

Tulikuwa bado tunatazamana pale uani mlango wa nje uliposukumwa na Shemeji akaingia. Vikapu viwili vitupu, kimoja ndani ya kingine, unga kwenye nyusi. Akatukuta: dereva kakaa chini, mstaafu anajipepea, mimi nimekumbatia nguzo, na shemeji yake kapakaa masizi paji zima la uso.

– Kuna msiba? aliuliza.

Hapo ndipo kicheko kilipotutoka, sote kwa pamoja, kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Tulicheka mpaka Bibi akatoka tena kutukemea.

– Wamechukua? aliuliza Kinyozi.

– Wamechukua yote.

– Uliwahi?

– Niliwahi mpaka nikasubiri. Mlinzi wa getini kaniambia mama, jikoni hawajafungua, kaa hapa. Mimi! Kuambiwa kaa usubiri wengine waamke!

Alivyosema hivyo alitabasamu, na mimi nikagundua kwamba tangu msiba sikuwa nimeyaona meno yake.

Tukarudi naye kijiweni. Birika lilikuwa limechemka mpaka kahawa imekuwa nzito kama dawa ya kikohozi, lakini siku hiyo hakuna aliyelalamika. Tulimkalisha katikati ya benchi, nafasi ya Semina, na Semina akasimama. Shemeji akashika kikombe kwa mikono miwili.

– Sasa tuambie, alisema Handibreki. Ni honi yangu, sivyo? Imeanza kufanya kazi polepole.

– Ni maji, alisema Semina. Mwili ulihitaji kuyazoea.

– Ni saa niliyokununulia, alisema Kinyozi. Niambie ni saa.

Shemeji alipuliza kahawa yake. Kisha akazungumza na Kinyozi kana kwamba sisi wengine hatupo.

– Shemeji, kaka yako alikuwa anafanya kazi usiku. Unakumbuka?

– Nakumbuka.

– Mimi nilikuwa silali akiwa lindoni. Najilaza tu. Nikisikia gari, nasikiliza. Nikisikia mbwa, nasikiliza. Alfajiri anarudi, anagonga mlango kwa kidole kimoja, hivi, asiamshe watu. Nafungua, namwekea chai, anavua buti, tunalala. Ndipo ninapolala mimi. Miaka yote ya ndoa yangu, usingizi wangu ulikuwa unaanza akigonga mlango.

Hakuna aliyekunywa. Hata mimi niliacha kugusa vikombe.

– Alipokufa, mwili haukuambiwa. Usiku kucha niko macho, nasikiliza. Alfajiri ikifika, mwili unasema haya, amerudi, lala. Na mimi nalala. Unaponipigia kengele wakati huo, shemeji yangu, ni kama unanipigia usiku wa manane.

– Kwa nini hukuniambia?

– Ulikuwa umeninunulia saa. Ulikuwa umechora na kibao. Wenzako wanapiga honi kwa petroli yao. Ningesema nini? Nasubiri mlango ugongwe na maiti?

Kinyozi akafuta uso kwa mkono, masizi yakaenea mpaka shavuni.

– Nilikwenda kwa Mama jioni moja kumpelekea mkate, aliendelea Shemeji. Jua limezama tu, kashajilaza. Akaniambia mwanangu, sogea hapa, mguu wangu baridi. Nikajilaza kidogo nimpashe joto. Nikasikia anapumua. Ni mtu mzima yule, anapumua kwa kelele. Nikasema nitasikiliza kidogo nitoke. Nilishtuka majogoo hayajawika na Mama kaniwekea mkono kichwani. Nimelala usiku mzima! Nimelala gizani kama watu! Nikamuuliza, Mama, kwa nini hukuniamsha? Akasema, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimelala vizuri tangu nimzike mwanangu, nikuamshe niwe kichaa?

– Kumbe na Mama alikuwa halali, alisema Kinyozi kwa sauti ndogo.

– Alale wapi! Wewe ulikuwa unamuuliza hali, anakwambia mzima. Basi tangu siku hiyo nahamia kwake jua likizama. Tunalala mapema wote wawili. Ukilala mapema, kuamka hakuna ufundi wowote, macho yanafunguka yenyewe. Nilitaka nijaribu kwanza siku chache kabla ya kuwasha tanuri alfajiri, nione kama ni kweli, ndiyo maana nikanyamaza. Leo nimeona.

Handibreki alijikohoza. Akasema vumbi la mkaa limemwingia machoni, na sote tulikubali kwamba mkaa wangu siku hizi una vumbi sana.

Semina ndiye aliyejitosa, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

– Shemeji, niruhusu niulize moja tu la kitaalamu. Lile jina. Tulikushauri sana ulibadilishe, ukakataa. Kwa nini?

– Mkate wa Alfajiri?

– Eeh.

– Kaka yake huyu alikuwa anarudi alfajiri, alisema Shemeji. Kinyozi alipoliandika hakulifikiria hilo. Mimi nilipoliona pale ukutani nikasema hili ni langu. Nilijua nachelewa. Nilijua watu wananicheka. Ila ningebadilisha jina niite nini? Nikasema bora nibadilike mimi.

Semina alifungua mdomo. Najua kulikuwa na kitu cha semina kilichokuwa kinakuja, kuhusu ahadi, kuhusu mteja, kuhusu jina kutoka moyoni mwa mwenye biashara. Akaufunga. Akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa cheti kingine.

– Basi kibao nitakipaka upya, alisema Kinyozi. Lile jua nitaliwekea miale mirefu zaidi. Na wala simweki bundi.

– Bundi gani? aliuliza Shemeji.

– Usijali, tukasema sote.

Mabishano yakarudi, lakini ya furaha. Handibreki alitaka jina liandikwe pia kwenye mlango wa teksi yake, bure, kwa sababu anavyoendesha polepole kila mtu atapata nafasi ya kulisoma. Semina akasema kwa mara ya kwanza maishani mwake huyu bwana ametoa wazo la kibiashara. Kinyozi akataka karatasi za kufungia zote ziwe na rangi moja, ya jua lile lile. Semina akasema ndiyo, na vikapu pia, na kanga ya kichwani, na kama inawezekana na tanuri lenyewe. Wakaanza kugombania ni manjano ipi, ya ndizi au ya yai.

Ni mimi niliyeona kwamba Shemeji hachangii. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ukuta wa hospitali, kikombe kimekaa kitupu mapajani, na usingizi umemchukua. Kazi aliyofanya tangu gizani, hofu ya kufaulu au kushindwa, na maneno aliyoyatoa, vyote vilikuwa vimemshukia kwa pamoja. Nikawaonyesha kwa kidevu. Wakashusha sauti, wakaendelea kugombania manjano kwa kunong'ona.

Wakati huo akaja mwanamke mmoja anatoka getini kwa hospitali, mnene, aproni bado iko kiunoni, vidole vina siagi. Hatukuwa tunamjua.

– Samahani jamani. Mimi ndiye mkuu wa jiko. Namtafuta mama wa mkate.

Tukamwonyesha. Akamtazama Shemeji alivyolala, akapunguza sauti mwenyewe.

– Msimwamshe. Nilitaka kumwambia tu kwamba wauguzi wameumaliza, na wa zamu ya asubuhi wamekuta makombo wakanifokea. Kesho aongeze. Nyinyi ni ndugu zake?

– Ndiyo, tukajibu, hata Handibreki.

– Nina wapishi wangu wawili pale jikoni, alisema, na usoni akaonekana mtu aliyechoka kweli. Nimewapa kengele, nimewafokea, nimewabembeleza. Alfajiri hawaamki. Na nasikia hata huyu mama zamani alikuwa haamki. Hebu nisaidieni. Nani amemwamsha?

Kinyozi akamtazama Semina. Semina akamtazama Handibreki. Handibreki akatazama viatu vyake. Watu hawa watatu hawajawahi kukosa jibu la swali lolote tangu niwajue, liwe la mvua, la injini au la wake za watu. Semina akainua kikombe akanywa, na hakikuwa na kitu ndani.

– Mwache apumzike, alisema Kinyozi hatimaye. Akiamka, muulize mwenyewe.

Mkuu wa jiko akaaga, akarudi kazini. Jua lilishatoka, watu walishaanza kupita, na mmoja wa wateja wa Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya banda anajishika ndevu. Nikawaambia wanaume kahawa imekwisha, kila mtu aende zake. Haikuwa imekwisha. Waliondoka kwa kunyata, watu wazima hao, na mimi nikavuta kigoda changu nikakaa upande wa barabarani, ili mtu akipita na mzigo asimguse.